Pengo la Taa ya Baba

Jumamosi, Machi 1

Nimerudi kutoka sokoni nikakuta taa ya baba haipo ukutani.

Ilikuwa pale nje, kushoto kwa mlango wa mbele, juu kidogo ya dirisha la chumba cha mama, tangu nilipokuwa mtoto wa shule. Sasa pana pengo la ukubwa wa sinia. Matofali yako uchi, na nyaya mbili zimechomoza, zimefungwa utepe mweusi kwenye ncha. Chini yake, katikati ya vumbi jeupe, alisimama mume mpya wa mama, nyundo mkononi, lipu hadi kwenye nyusi.

"Mwalimu," akasema. Huniita hivyo kila siku, kana kwamba yuko darasani kwangu. "Nimeharibu. Nilitaka kutoa taa tu, ukuta nao ukaja."

"Nani alikutuma?"

Akatazama nyundo yake. Mama alikuwa mlangoni, mkono wa kulia ameuficha ndani ya sweta.

"Ilikuwa mbovu," mzee akasema.

"Taa ikiwa mbovu inatengenezwa. Haipigwi nyundo. Baba aliifunga kwa mikono yake mwenyewe."

"Najua, Mwalimu. Nisamehe."

Sikumsamehe. Nimeiokota taa yenyewe, kioo chake kizito na kile kizimba cha chuma kilichoshika kutu, nikaiweka juu ya kabati chumbani kwangu. Baba aliifunga mwaka niliofaulu kwenda sekondari, ili nikichelewa kurudi nisijikwae. Kila mpita njia aliijua. Upepo ukivuma ilikuwa inawaka yenyewe, na baba akisema inasalimia watu.

Nimeamua kuandika haya kwenye karatasi. Nikiyasema kwa mdomo nitavuka mpaka.

Jumapili, Machi 2

Amenikaribisha chai. Nimekunywa maji.

Jumanne, Machi 4

Nijaribu kuwa mkweli, maana hapa hakuna anayenisikia. Huyu mzee hana baya. Maisha yake yote alikuwa mwoka mikate. Alikutana na mama kwenye foleni ya daktari wa macho, wakabishana nani kafika mwanzo, wakaishia kuoana kabla ya mwaka kwisha. Alihamia kwetu na begi moja na kikombe chake. Kikombe hicho anakiosha mwenyewe, anakifuta, anakirudisha kwenye kona ileile ya rafu, kama mtu asiyetaka kuacha alama. Anaamka alfajiri kwa mazoea ya tanuri, halafu anakaa jikoni hana la kuoka.

Neno lake ni "taratibu". Mlango ukigoma, taratibu. Maji yakikatika, taratibu. Watoto wa mtaa tayari wanamwita Mzee Taratibu, na yeye anaitika.

Baba hakuwa hivyo. Baba alikuwa mtu wa kelele na spana. Bomba, kiti, redio, paa, vyote aliviingilia kichwa kichwa na vyote vilimtii, au ndivyo nilivyokuwa naona. Mimi ni mtoto wake pekee. Ukuta ule ukiwa na pengo, naona kama nyumba imeng'olewa jino la mbele.

Ijumaa, Machi 7

Mawingu mazito tangu asubuhi, lakini hayakushusha kitu. Mzee Taratibu ametangaza mezani kwamba kesho ataliziba pengo. Mama akamwambia, "Mwenzangu, wewe na saruji mmejuana lini?" Akajibu kwamba unga ni unga.

Jumamosi, Machi 8

Nilisahihisha madaftari dirishani ili nione. Sijui kama nilitaka afanikiwe au aumbuke.

Alichekecha mchanga kwa chekeche la unga la mama. La unga! Akauchanganya na saruji, akatengeneza kilima, akachimba shimo katikati, akamimina maji mengi mno, kisha akaanza kukanda kwa mikono miwili, mabega yanapanda na kushuka, anavuma wimbo puani. Mchanganyiko ulikuwa laini kama kinyunya cha maandazi. Akaufunika kwa kitambaa "upumzike kidogo". Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia mama akicheka hivyo tangu tumzike baba, na nilikasirika kwamba nimefurahi kumsikia.

Akaujaza wote pengoni kwa mkupuo mmoja, akausawazisha kwa kiganja. Kwa kweli ulipendeza. Akaniita nje nione.

"Unasemaje, Mwalimu?"

"Tuone kesho," nikasema.

Mama anakoroga chai kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia una kitambaa kwenye vidole. Anasema kisu kilimponyoka akimenya viazi.

Jumapili, Machi 9

Imeporomoka yote. Tonge zima lilishuka ukutani usiku na asubuhi tumelikuta limekaa juu ya kiatu cha mama. Mzee alilitazama kwa huzuni ya mtu ambaye mkate wake haukuumuka.

Jumatano, Machi 12

Mvua imeanza.

Alhamisi, Machi 13

Mvua.

Jumamosi, Machi 15

Ilikatika asubuhi, akajaribu tena, safari hii kwa maji kidogo. Ikakauka upesi, ikapasuka nyufa, jioni ikavua gamba. Nimemwambia aite fundi. Akasema ameuvunja mwenyewe, ataujenga mwenyewe. Nikamwambia ukuta si wake peke yake. Mama akanitazama kwa lile jicho la zamani, lililokuwa likinitosha nikiwa na miaka saba. Bado linatosha.

Jumatano, Machi 19

Maji yamepenya. Upande wa ndani, chumbani kwao, kuna doa linalopanda kutoka kwenye fremu ya dirisha. Rangi imevimba na ukiigusa inabonyea. Wamesogeza kitanda hadi katikati ya chumba. Mama anakohoa, anasema ni vumbi. Vumbi gani kwenye mvua hii?

Mzee ametundika turubai nje, limefungwa kamba kwenye nondo za dirisha. Upepo ukija linapiga ukuta makofi. Hatulali vizuri, wote watatu, na asubuhi kila mtu anajifanya amelala.

Ijumaa, Machi 21

Nimefundisha sehemu siku nzima, robo na thuluthi. Nimerudi nimelowa. Nimekuta viatu vyangu vya jana vimejazwa karatasi za gazeti na kuwekwa karibu na jiko vikauke. Mama hakuwa nyumbani mchana kutwa.

Sikusema asante. Nilivaa tu.

Jumatatu, Machi 24

Leo nitaandika mengi.

Nilikuwa natoka shuleni. Mvua ilikuwa ya kumwaga kwa ndoo, maji ya barabarani yanafika kwenye vifundo vya miguu. Nilipokata kona nikaona turubai limeng'oka upande mmoja, linarukaruka kama mnyama aliyefungwa, na Mzee Taratibu yuko juu ya ngazi, bila koti, shati limemgandia mgongoni, anajaribu kulikamata. Mama yuko chini ameshika ngazi kwa mkono mmoja, anapiga kelele: "Shuka! Wewe mwanamume, shuka! Ni ukuta tu!"

"Maji yanakuingilia kifuani!" akajibu. "Unakohoa!"

Nikaanza kukimbia. Sijui nilitaka kumshika nani. Upepo ukalivuta turubai, turubai likamvuta yeye, ngazi ikateleza kwenye tope. Alianguka ubavu, polepole kuliko nilivyofikiri mtu anaweza kuanguka, na mkono wake ukatangulia.

Hakulia. Alikaa kwenye matope akautazama mkono wake, ambao haukuwa umekaa sawasawa, halafu akanitazama mimi akasema, "Mwalimu, umelowa. Ingia ndani."

Nilisimamisha gari la jirani anayepeleka mboga mjini. Nikamfunga mkono kwa skafu yangu. Mama alitaka kuja, kikohozi kikamkata pumzi, nikamwambia abaki. Njiani mzee alifumba macho, na kila gari liliporuka shimo alisema "taratibu", bila kumlaumu dereva, anajiambia mwenyewe.

Zahanati ilijaa. Tulikaa kwenye benchi, tope linatuchuruzika hadi sakafuni, mfagiaji anatukata jicho. Muuguzi akaja na kalamu. Akauliza jina, umri, maumivu yako wapi. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe ni nani wake?"

Nikafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mzee akadakia, kwa heshima kabisa:

"Ni mwenye nyumba wangu."

Muuguzi akacheka. "Mwenye nyumba mwema huyo, anayemleta mpangaji hospitali."

"Mwema sana," mzee akasema.

Hakuwa ananipiga kijembe. Ningependa ingekuwa kijembe. Aliniona nimekwama akaniwahi, nisipate tabu ya kutafuta neno. Nimekaa kwenye benchi lile nikitazama viatu vyangu.

Mfupa umevunjika karibu na kiwiko cha mkono. Wamemfunga plasta kuanzia vidoleni hadi juu. Tuliporudi, mama alimwangalia kichwa hadi miguu, machozi yanamlengalenga, akasema, "Haya. Wewe umepigwa lipu kabla ya ukuta."

Akacheka yeye, tukacheka sote, na mimi nikaenda chumbani kwangu nikalia.

Jumatano, Machi 26

Mama ameniita chumbani kwao. Hewa humo ni nzito, inanuka udongo mbichi. Ameniambia wanafikiria kuhama. Mzee ana dada yake, mji wa pili, mwenye vyumba vikavu.

"Kwa muda?" nikauliza.

"Tutaona."

"Mama, hii ni nyumba yako."

"Ni yangu, ndiyo. Lakini yule anatembea humu kwa ncha za vidole, mwanangu. Mtu hawezi kuzeeka akitembea kwa ncha za vidole." Akanishika shavu kwa mkono wa kushoto. "Sikulaumu. Nakwambia tu ninachokiona."

Nimepika. Hakuna aliyekula vizuri.

Alhamisi, Machi 27

Mvua. Nimemsikia mzee kupitia ukutani akimsomea mama gazeti la wiki iliyopita, matangazo ya vifo hadi ya magari yanayouzwa, kwa sababu miwani ya mama ilivunjika siku ile ya ngazi. Anasoma kama anayekariri, anasimama kila koma. Wakihama, nyumba hii itabaki na mimi na saa ya ukutani.

Ijumaa, Machi 28

Nilijiambia nifanye jambo moja la maana. Kama taa ndiyo chanzo cha haya yote, basi taa itengenezwe, ukuta ukipona irudi mahali pake, mambo yaishe. Nikaifunga kwenye mfuko, nikaipitisha kwa fundi umeme aliye karibu na shule, kijana mnene anayekula karanga huku akifanya kazi.

Akaifungua skrubu. Akaacha kutafuna.

"Mwalimu, hii imetoka wapi?"

"Kwetu."

"Na mko hai wote?"

Nikadhani ananitania. Akaigeuza, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Waya ndani ulikuwa umeungua, ganda lake limekauka na kumeguka, na chuma chake kitupu kimelala juu ya kizimba cha nje. Waya wa kupeleka hitilafu ardhini haukuwepo. Haukuwahi kuwepo, akasema, hata tundu lake halijaguswa.

"Aliyefunga hakuwa fundi," akasema. "Alikuwa mtu mwenye bidii. Ndiyo maana ilikuwa inawaka upepo ukivuma, nyaya zilikuwa zinagusana. Chuma chote hiki cha nje kilikuwa na umeme. Anayekigusa kwa mkono mkavu labda anasisimka kidogo. Anayekigusa kwa kitambaa kibichi..." Akapangusa karanga kwenye suruali. "Nani alikuwa anaifuta?"

Mama alikuwa anaifuta. Kila Jumamosi asubuhi, kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya sabuni, amesimama juu ya kigoda.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Mama alikuwa jikoni anachambua mboga. Nikaweka mfuko chini.

"Mama, nionyeshe mkono."

"Umepona."

"Nionyeshe."

Akautoa. Akafungua kitambaa mwenyewe. Ncha za vidole vitatu zilikuwa na ngozi mpya, nyekundu, inayong'aa.

"Kisu hakifanyi hivyo," nikasema.

"Hapana," mama akasema. Akavuta kiti akakaa. "Nilikuwa naifuta. Nilichojua ni kwamba nimekaa chini na meno yananiuma. Mwenzangu alikuwa jikoni. Alisikia kigoda kikianguka, akaenda kwanza kuzima swichi kubwa, kisha akaja akanishika. Analia kuliko mimi. Nilipoweza kusimama akachukua nyundo. Nikamwambia ngoja tuite mtu. Akasema taa hii haitalala ukutani leo. Siku hiyo tu sikumsikia akisema taratibu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Mimi ndiye niliyekataa." Aliangalia mboga zake. "Baba yako aliifunga kwa ajili yako. Alikaa juu ya ngazi siku nzima, akashuka amevimba kichwa kama aliyejenga bwawa la umeme. Nilifikiri, huyu mtoto ataishi vipi akijua taa ile ilitaka kuniua? Ataanza kumwangalia baba yake vingine."

"Na yeye akakubali? Nimemnunia mwezi mzima, mama!"

"Nilimwambia mapema utamnunia. Akaniambia, 'Anichukie mimi. Mimi nipo, naweza kujitetea. Yule hayupo.'"

Nimekaa sakafuni jikoni, kichwa magotini kwa mama, mwanamke mzima mwenye darasa la watoto arobaini. Tumekaa hivyo mpaka mboga zikanyauka.

Jumamosi, Machi 29

Jua! Dogo, la kukopwa, lakini jua.

Nimemkuta uani, amekaa kwenye kigoda, plasta yake imening'inia shingoni, anajaribu kuchekecha mchanga kwa mkono mmoja. Chekeche linayumba, nusu ya mchanga unaangukia miguuni pake.

"Mzee."

"Naam, Mwalimu."

"Mama ameniambia. Yote."

Akaacha kuchekecha. Akachora mchangani kwa kidole.

"Baba yako alikuwa fundi mzuri," akasema mwishowe. "Kigoda hiki ni chake. Nimekikalia tangu nije, hakijawahi kuyumba. Taa tu ilimshinda. Hata mimi kuna siku nilisahau chumvi, nikauzia mtaa mzima."

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Niliyapanga tangu usiku, kuna utangulizi na kila kitu. Yote yakanipotea. Nikachuchumaa, nikashika upande wa pili wa chekeche.

"Vuta kwako," nikasema.

Akavuta. Nikavuta kwangu. Mchanga ukaanza kushuka vizuri.

"Mnahama kweli?" nikauliza bila kumtazama.

"Mimi nilisema tu chumba kina maji. Mama yako ndiye anayeamua mambo makubwa."

"Maji yatatoka. Nisamehe, Mzee. Msihame."

Alivuta chekeche mara kadhaa kabla ya kujibu. Nilipoinua macho nilimwona anameza mate, kidevu kinamcheza.

"Basi tupunguze mawe haya makubwa," akasema. "Lipu haipendi mawe."

Jumanne, Aprili 1

Tumemleta fundi wa lipu. Ni mwanamke mwenye mabega mapana na sauti ya mnada. Mtaa wote humwita Mama Simiti. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole kuzunguka pengo, ameegemeza sikio. "Hapa panalia utupu. Hapa pia. Mzee wangu, ulikuwa unashonea kiraka kwenye nguo iliyooza."

Akachukua tindo akavunja lipu yote iliyolegea, mpaka pengo likawa kubwa kama mlango wa kabati. Moyo ulinipasuka. Mzee aliniona akasema taratibu. Kwa mara ya kwanza neno hilo limenituliza.

Fundi umeme naye alikuja na karanga zake, akazikata zile nyaya kuanzia ndani kwenye boksi. Sasa ukutani hakuna umeme hata wa kuwasha kiberiti, amesema. Mama akamjibu kiberiti hakitumii umeme.

Jumamosi, Aprili 5

Kazi imeanza leo. Tumepiga brashi matofali kuondoa vumbi, tukayanywesha maji kidogo, kisha Mama Simiti akarusha tabaka la kwanza jembamba kwa mwiko, pa, pa, pa, kama anayefukuza kuku. Akalichora mistari kwa msumari ili la pili lipate pa kung'ang'ania.

Mimi nilichanganya. Mzee alisimama nyuma yangu na mkono wake shingoni, akitoa maagizo. "Usimimine maji yote. Acha uombe wenyewe." Mchanganyiko ameupata sasa, amemuuliza Mama Simiti maswali mpaka akachoka. Lakini alipotaka kuufunika kwa kitambaa ukapumzike, fundi akageuka: "Mzee, huu hauumuki!" Tukaangua kicheko, na yeye akacheka zaidi yetu.

Jumapili, Aprili 6

Imeshika. Nimeigusa asubuhi kabla ya kunawa uso.

Jumatano, Aprili 9

Mvua usiku. Turubai jipya, kamba mpya, nimezifunga mimi. Imeshika.

Jumamosi, Aprili 12

Tabaka la pili. Mama Simiti amelisawazisha kwa ubao mrefu, kisha akanipa mimi ubao mdogo nisugue kwa mizunguko. Mzee akataka kusugua pia, kwa mkono wa kushoto. Kuna sehemu karibu na dirisha ambayo si laini kama kwingine. Mama Simiti alitaka kuirudia, nikamwambia aiache.

"Wateja wengine wanalia ukuta usipokuwa kioo," akasema.

"Sisi tutalia kwingine," mama akajibu kutoka dirishani.

Ijumaa, Aprili 18

Shule zimefungwa. Plasta ya mzee imetolewa. Mkono wake umekuwa mwembamba na mweupe wa unga. Anaukanda kwa mafuta, na mpira wa watoto anaubinyabinya siku nzima. Mkate wa kwanza aliooka tangu aje kwetu umetoka leo. Ulikuwa umekandwa kwa nguvu ya mkono mmoja na nusu, upande mmoja umeinuka kuliko mwingine. Tumeumaliza tukiwa tumesimama.

Alhamisi, Aprili 24

Rangi. Tulitafuta inayofanana na ya zamani, tukashindwa. Ile ya zamani imepigwa na jua miaka yote, hata kiwandani haipo. Kwa hiyo ukuta una mraba mkubwa wenye rangi ya maziwa kwenye nyumba yenye rangi ya chai. Jirani wa mboga ameuliza kama tumefungua dirisha jipya. Mama amekataa tupake nyumba nzima. Anasema anataka kuuona.

Taa nyingine imefungwa chini ya baraza, mahali pakavu, na fundi umeme. Inawaka ukiiwasha na inazimika ukiizima.

Jumapili, Aprili 27

Wameondoka asubuhi kwenda kumsalimia dada wa Mzee. Wiki moja, wamesema. Mama amebeba nguo za mwezi. Niliwasindikiza kituoni. Mzee alinipa mkono, kama kawaida, kisha akaonekana kutaka kusema kitu, basi likapiga honi.

Nyumba kimya. Nimefua mapazia ambayo si machafu.

Jumatano, Aprili 30

Saa ya ukutani ina mlio ambao sikuwahi kuusikia.

Jumamosi, Mei 3

Mvua kubwa kuliko zote za msimu huu imepiga leo mchana. Ilikuja na upepo wa upande, ikaupiga ukuta wa mbele moja kwa moja, na sasa hakuna turubai. Mto ulikuwa unatembea uani. Nilikaa kitandani kwao, chumbani kwa mama, nimekunja miguu, macho ukutani, nikisubiri doa.

Ilipokatika nikainuka. Nikaweka mkono chini ya dirisha, nikapandisha, nikapeleka hadi kwenye kona. Rangi haikubonyea. Nikaweka shavu. Pakavu. Pa baridi kidogo, lakini pakavu kabisa. Nikazunguka nje kwenye tope bila viatu, nikagusa mraba wetu kwa viganja viwili. Hakuna ufa. Pale pasipo laini, karibu na dirisha, maji yalikuwa yanateleza na kwenda zao.

Nikapiga simu kwa mama nikiwa nimesimama palepale.

"Haloo, mwanangu! Kuna nini? Mbona unahema?"

"Mama, shikamoo. Mpe Mzee simu."

"Marahaba. Mimi huniulizi hata hali?"

"Nitakuuliza. Mpe kwanza."

Nikasikia simu ikihama mkono, na sauti ya mama ikiita, imelegea kidogo mwishoni: "Mwenzangu! Acha hicho, njoo. Mwanao anakutaka."

Miguu ya haraka. Kisha pumzi.

"Mwalimu? Ukuta?"

"Imenyesha kubwa kuliko zote. Ya upande."

"Ee. Na?"

"Mkavu."

"Umeweka kidole au kiganja? Kidole kinadanganya."

"Nimeweka kiganja. Nimeweka na shavu."

Nikamsikia akivuta makamasi, akakohoa kuficha.

"Uko wapi sasa hivi?" akauliza.

"Nje. Naugusa."

"Nje kwenye maji? Umevaa viatu?"

"Hapana."

"Umekula?"

"Bado. Nilikuwa naisubiri mvua itulie..."

"Tangu asubuhi? Wewe mtoto una akili kweli?" akasema, na sauti ikapanda. "Baridi yote hii, miguu mitupu, tumbo tupu, unakumbatia ukuta! Ukiugua nani atakuhudumia, na sisi tuko huku? Ingia ndani sasa hivi, ufute miguu, mkate niliokausha uko kwenye kopo la rafu ya juu, nilikuachia, na usiule mkavu hivyo, upashe..."

Hajawahi kunigombeza tangu aingie nyumba hii. Niliegemea ukuta nikamwacha aendelee mpaka salio likaisha.